Kambi ya Pennsic: Taji ni Heshima, Ufunguo ni Kazi

Kaskazini ya jiji la Pittsburgh, katika Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, karibu na mji mdogo wa Slippery Rock, kuna uwanja wa kambi uitwao Cooper's Lake. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mahali pa utulivu. Lakini mwishoni mwa Julai mahema huchomoza kama uyoga baada ya mvua, na kwa majuma mawili hivi watu wapatao 10,000, wake kwa waume, wazee kwa watoto, huishi humo wakiwa wamevaa mavazi ya Zama za Kati. Mkutano huo huitwa Vita vya Pennsic.

Vita hivyo ni vya mchezo. Waandaaji wake ni wanachama wa Society for Creative Anachronism, yaani SCA, chama kilichoanzia Berkeley, California, kwa mashindano ya Mei 1, 1966. Wanachama wamejigawa katika "falme", na mwaka 1972 falme mbili, ya Mashariki na ya Kati, zilianza kupambana huko Pennsylvania. Utani wa kambini husema kwamba atakayeshindwa atalazimika kuuchukua mji wa Pittsburgh. Panga ni fimbo za henzirani, lakini chapeo ni za chuma kweli na mapigo ni mazito. Mwaka 2020 na 2021 mkutano haukufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Ukarejea mwaka 2022.

Mgeni aingiapo kwa mara ya kwanza hupigwa na butwaa. Huyu ni bwana, yule ni malkia, na kila mmoja ana jina la kambini lisilo la nyumbani kwake. Sasa mtoto akipotea katika vichochoro vya mahema, au jua la Agosti likimwangusha mzee, mgeni amkimbilie nani? Mara nyingi macho yake humwendea mwenye taji. Hapo ndipo dakika za thamani hupotea.

Cheo na zamu

Askari yeyote anaijua tofauti ya cheo na zamu. Kambini, ofisa mwenye nyota nyingi begani huenda leo yuko mapumzikoni, na mwenye majibu ya usiku huo ni yule aliyeshika zamu. Pennsic ni vivyo hivyo. Taji humwonyesha mtu aliyepata ufalme kwa kushinda mashindano ya mapigano, naye hulivaa kwa miezi michache tu. Mshipi mweupe na mkufu wa dhahabu ni alama za aliyepewa daraja la juu la upiganaji. Hizo ni alama za heshima. Mwenye kuzivaa anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini pengine yuko njiani kwenda kununua mkate, wala hana jukumu lolote siku hiyo.

Alama za kazi ni nyingine, na mgeni hana budi kuzijifunza kabla ya kufungua mizigo. Ufunguo wa dhahabu uliolala juu ya rangi nyekundu ni wa msimamizi mkuu, mwenye kushughulikia utawala wa chama. Joho fupi la kijani lenye tarumbeta mbili za dhahabu zilizopishana ni la mpiga mbiu. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mpiga mbiu ndiye atangazaye ratiba, baraza na habari za dharura, naye hulivua joho lake kazi ikiisha. Panga mbili za dhahabu zilizopishana juu ya rangi nyeusi ni za waamuzi wa uwanja wa mapambano. Hao mara nyingi hushika fimbo ndefu yenye milia ya njano na nyeusi.

Liko pia neno moja la kukariri: "Hold!", yaani simama. Mtu yeyote aonaye hatari uwanjani, hata kama amefika jana, ana ruhusa ya kulipaza. Wapiganaji wote husimama papo hapo, na wengi hupiga goti. Mbele ya neno hilo mfalme na mgeni ni sawa.

Kabla ya shida kufika

Kambi imegawanywa katika mitaa inayotajwa kwa herufi na tarakimu. Familia ifikapo, kila mmoja aikariri alama ya mtaa wake, na watoto wafundishwe jina halisi la mzazi, kwa kuwa jina la kambini halimsaidii mtafutaji. Yawafaa pia waonyeshwe kwa miguu, mchana, lilipo hema la maelezo na kilipo kituo cha walinzi wa kujitolea. Dharura kubwa ikitokea, namba ya kuita msaada Marekani ni 911, na mpiga simu ataje mahali kwa jina la kweli: Cooper's Lake, kisha mtaa.

Asiye na vazi asione haya. Katika mikutano ya chama hiki wapo maofisa wa kupokea wageni, na ile hazina ya nguo za kuazimwa huitwa Ufunguo wa Dhahabu. Mgeni asiuchanganye ufunguo huo na ule wa msimamizi: mmoja hufungua sanduku la nguo, mwingine ni wa utawala.

Maelfu ya watu huweza kucheza ufalme kwa amani pale Pennsic kwa sababu wapo wachache ambao, kwa saa kadhaa kila siku, huacha kucheza na kushika kazi. Mgeni awatambue hao kwanza. Wafalme atawatazama baadaye. Na akiwa bado hana hakika, aulize. Kuuliza si ujinga.