Barua kwa Mpwa Wangu: Kanitangaze na Ukoo Wake

Mpwa wangu Neema,

Mama yako ameniambia somo la wadudu limekuchosha, hasa huyu kanitangaze anayebadilishwa jina kila mara. Nakusihi usilikatie tamaa, maana unajua alivyotumalizia nyanya.

Kanitangaze ni nondo ambaye kwao ni Amerika Kusini. Tanzania alionekana mwaka 2014. Aliyempa jina la kwanza la kisayansi ni Edward Meyrick, mwalimu wa shule Uingereza, mwaka 1917, kutokana na nondo aliyetoka Huancayo, Peru. Alimwita Phthorimaea absoluta. Meyrick alitaja spishi mpya zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa nondo wadogo, na bidii hiyo naistahi. Ila aliamini mno mabawa, hakupasua viungo vya uzazi.

Katika familia ya Gelechiidae mabawa hayatoshi. Yatakufikisha kwenye familia tu: bawa la nyuma lililochongoka nchani, nywele ndefu pembezoni, na vipapasio vya mdomoni vilivyopinda kwenda juu kama pembe. Lakini spishi zake ni zaidi ya 4,000, na nyingi ni za rangi ya kijivu au kahawia zisizotofautika kwa macho. Kujua nani ndugu wa nani, lazima ufungue tumbo la mdudu wa milimita chache na kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu, na wewe unao.

Mtaalamu wa nondo Dalibor Povolný aliifanya miaka mingi. Akamhamishia kanitangaze kwenye jenasi ya Scrobipalpula mwaka 1964, kisha Scrobipalpuloides mwaka 1987, kisha Tuta mwaka 1994. Mwaka 2021 watafiti Chang na Metz walilinganisha upya maumbile yake na ya jamaa zake, wakamrudisha Phthorimaea, alikomweka Meyrick. Sasa yumo jenasi moja na nondo wa viazi, Phthorimaea operculella.

Udugu huo una faida shambani. Viwavi wa wote wawili hutoboa majani na kula ndani kwa ndani, na wote hupenda mimea ya ukoo wa mnyanya na kiazi mviringo. Tena wana adui mmoja: nyigu mdogo aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, anayetaga ndani ya viwavi hao. Watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, walimleta kutoka Peru mwaka 2017 ili apambane na kanitangaze. Anayejua ukoo wa mdudu anajua pa kuanzia kumtafutia adui.

Katika ripoti yako andika Phthorimaea absoluta, kisha utaje kwamba kabla ya hapo aliitwa Tuta absoluta, kwa sababu vitabu na vipeperushi vingi vya mabwana shamba bado vina jina hilo. Na ukija likizo, omba kuazima hadubini chuoni uje nayo. Nondo wa kupasua nitakukusanyia.

Mjomba wako