Usafi wa Vifuniko vya Meno na Haki ya Jirani wa Safu



Wapenzi wasomaji wa jarida letu, wanafunzi wenzetu pamoja na wazazi. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka mwingine wa masomo, tunaomba nafasi katika kurasa hizi tuzungumzie jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Jambo lenyewe ni harufu ya kinywa, na hasa kwa sisi tunaovaa vifuniko angavu vya kunyoosha meno.

Sisi ni ndugu wawili, dada na mdogo wake wa kiume, sote wanafunzi wa madrasa hii hapa Dar es Salaam. Ni zaidi ya mwaka sasa tangu tuanze kuvaa vifuniko hivyo. Wenzetu hutuuliza mengi. Je, vinauma? Mnakula navyo? Mnasomaje Qur'ani navyo? Lakini liko swali moja ambalo huulizwa kwa kunong'ona: havinuki? Jibu letu ni kwamba vikiachwa vitanuka, na vikitunzwa havinuki kabisa. Tumeona tuwaelezee namna tunavyovitunza, kwani tumesikia kwamba wapo wenzetu wengine ambao wazazi wao wanafikiria kuwapeleka kwa daktari kwa ajili hiyo.

VIFUNIKO HIVI NI KITU GANI?

Ni plastiki nyembamba, isiyofika unene wa milimita moja, iliyofinyangwa kwa umbo la meno ya mtu mwenyewe. Kimoja huvaliwa juu na kingine chini. Madaktari wengine huviita alaina. Kila jozi husogeza jino kiasi kidogo sana, kama robo ya milimita, kisha baada ya wiki moja au mbili, kwa maelekezo ya daktari, mtu huvaa jozi nyingine. Kampuni iliyovieneza duniani, Align Technology, ilianzishwa California, Marekani, mwaka 1997. Kwa hiyo bibi na babu zetu hawakuvijua, na katika nyumba nyingi hakuna mkubwa wa kutuelekeza namna ya kuviosha.

Ili vifanye kazi, huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Hubaki saa mbili hadi nne tu za kula na kusafisha. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana kitu kinachokaa kinywani usiku na mchana kinahitaji usafi wa kinywa chenyewe na zaidi.

HARUFU HUTOKA WAPI?

Daktari wetu alitueleza jambo hili siku ya kwanza, na tuliona ni vyema tulielewe kabla ya kuambiwa la kufanya. Plastiki yenyewe haina harufu. Kinywani mwa kila mtu wamo bakteria, na hao hujishikiza juu ya meno na juu ya kifuniko, wakafanya utando laini unaoteleza. Ukipitisha kidole ndani ya kifuniko kilicholala kinywani bila kuoshwa utausikia. Bakteria hao hula mabaki ya chakula na protini zilizomo katika mate, kisha hutoa hewa zenye salfa, jamaa ya harufu ya yai viza.

Kwa kawaida mate ndiyo yanayotuoshea kinywa. Mtu hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Lakini kifuniko kikishavaliwa, mate hayapiti vizuri juu ya meno, na usingizini mate hupungua sana. Ndiyo maana harufu huzidi alfajiri. Tena juu ya baadhi ya meno yetu daktari amebandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili kifuniko kishike. Vinundu hivyo hukamata chakula, hasa nyuzi za nyama na majani ya mchicha.

Utando ukiachwa siku nyingi hukauka ukawa ukoga mgumu mweupe, na hapo kifuniko huwa na ukungu badala ya kuwa angavu. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama mitaa mingi ya mji wetu, huona weupe huo mapema zaidi.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO?

Binamu yetu mmoja alianza kuvaa vifuniko kabla yetu. Darasani kwao watoto wakaanza kuziba pua anapozungumza. Akawa anavivua shuleni na kuviweka mfukoni, kisha akaviacha kabisa. Meno hayakukubali kubaki pale yalipofikishwa, yakarudi yalikotoka, na fedha za mjomba zikapotea. Hakuwa mtoto mvivu wala mchafu. Hakuna aliyekaa naye akamwonyesha namna ya kuviosha, na waliomcheka hawakumsaidia. Tangu hapo amekuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa mkono.

Upande wa pili ni wa wale walio karibu nasi. Sisi wanafunzi wa madrasa husimama bega kwa bega katika safu, hukaa goti kwa goti katika halaka, na mwalimu huinamisha sikio asikie makhraji ya kila herufi. Sote tumefundishwa kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi asiwaudhi wenziwe msikitini. Kinywa kinachonuka kwa kifuniko nacho humuudhi jirani vilevile, naye hana pa kukimbilia mpaka imamu atoe salamu. Jirani wa safu ana haki yake.

TUNAVYOFANYA KILA SIKU

Kwanza, tuamkapo alfajiri tunavivua na kuviosha kabla ya udhu. Tunatumia maji ya kawaida au ya uvuguvugu, mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo tu, na tone moja la sabuni ya maji isiyo na manukato makali. Tunasugua ndani na nje kwa upole, kisha tunasuuza mpaka utelezi uishe. Jozi nzima haichukui dakika mbili.

Pili, tunapiga mswaki meno yenyewe kabla ya kuvirudisha, tunapitisha uzi wa meno katikati, na tunasafisha ulimi. Kifuniko kisafi juu ya jino chafu hakisaidii kitu. Ni kama kufunika chungu cha mboga iliyochacha kwa kawa mpya.

Tatu, kila tulapo tunavivua, na kabla ya kuvivaa tena tunapiga mswaki. Shuleni ambako hakuna nafasi, tunasukutua kwa maji mara tatu nne na kuvisuuza bombani, kisha tukirudi nyumbani tunavisafisha barabara. Chupa ndogo ya maji imo katika mkoba siku zote, maana siku za mgao bomba la shule halitoi tone.

Nne, tunavyo navyo mkononi kila wakati wa udhu. Katika madhehebu ya Shafi kusukutua ni suna, na mwalimu wetu wa fiqhi alitwambia kwamba udhu wa aliyevaa vifuniko unasihi. Hata hivyo sisi huvivua, tukavisuuza na kusukutua vizuri. Aliye na desturi ya kutawadha mara tano kwa siku amekwisha pata ratiba ya kuvisuuza mara tano bila kukumbushwa na mtu. Tumeona faida ya jambo hili kuliko dawa yoyote ya dukani.

Tano, vikiwa nje ya kinywa hukaa ndani ya kikasha chake chenye matundu ya hewa, navyo vikiwa vimesuuzwa. Kikasha nacho huoshwa kila siku na kuanikwa. Ukikifungia kifuniko kikiwa na mate, utakikuta na harufu kuliko ulivyokivua. Na ukikiacha mezani, sisimizi watakutangulia.

Sita, tunavivua faraghani. Si adabu kutoa kitu chenye mate mbele ya watu wanaokula. Tunajitenga kidogo au tunageuka upande, kisha tunanawa mikono kabla na baada.

MARA MOJA KWA WIKI

Siku ya Ijumaa asubuhi, pamoja na kukata kucha na kuandaa kanzu na baibui, tunaviloweka. Tunachukua siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu tatu, tunaviacha humo dakika 15 hadi 20, kisha tunavipiga mswaki na kuvisuuza sana. Siki huulainisha ule weupe wa ukoga na wa maji ya chumvi. Asiyependa harufu ya siki anaweza kutumia vidonge vya kusafishia meno ya bandia, vinavyouzwa katika maduka makubwa ya dawa, kwa kufuata maelezo ya pakiti. Siki na vidonge visichanganywe katika chombo kimoja.

TUNAYOYAEPUKA

Maji ya moto hatuyatumii kamwe. Plastiki hii hulainika na kupinda, na kifuniko kilichopinda hakitanyoosha jino, bali kitalisukuma kusikotakiwa. Kwa sababu hiyohiyo hatuviachi ndani ya gari lililoegeshwa juani wala dirishani.

Dawa ya meno, hasa ile ya kung'arisha, hatuisugulii vifuniko. Ina chembe zinazokwaruza plastiki, na ndani ya mikwaruzo ndimo bakteria wanamojificha. Msuwaki wa mti tunautumia kwa meno, wala hatuutumii kwa vifuniko, kwa kuwa nyuzi zake nazo ni ngumu.

Jiki ni hatari. Isiguse kitu kinachoingia kinywani, tena jiki ikichanganywa na siki hutoa hewa ya sumu.

Chai, kahawa, soda, juisi ya miwa na ukwaju hatunywi navyo. Sukari ikinaswa chini ya kifuniko hulowesha jino kwa muda mrefu, na mate hayafiki kuiosha, hivyo meno huoza haraka. Maji matupu yasiyo ya moto ndiyo pekee yanayoruhusiwa. Siku ya biriani au urojo tunasukutua zaidi, kwani manjano hung'ang'ania plastiki yakaigeuza rangi.

Na hatuvifungi katika karatasi ya kupangusia mikono. Anayeondoa vyombo huidhani takataka, akaitupa.

MWEZI WA RAMADHANI

Hili tumeulizwa sana. Mfungaji hali mchana, kwa hiyo vifuniko hukaa kinywani saa nyingi bila kuvuliwa, na hilo ni jema kwa meno. Lakini kinywa hukauka, na harufu ya vifuniko huongezeka. Ile harufu ya mfungaji inayotokana na tumbo tupu ni jambo jingine, wala haitusamehe uchafu wa plastiki.

Tulimuuliza mwalimu wetu. Alitukumbusha kwamba kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi ni kuwa mfungaji kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu, na kwamba asizidishe kusukutua. Lakini kifuniko kikishavuliwa kiko nje ya kinywa, na kukiosha kwa sabuni wakati wowote ni sawa na kuosha kikombe. Alitusisitiza jambo moja: tukikaushe kwa kitambaa safi kabla ya kukirudisha, ili tusimeze unyevu uliokwisha toka nje. Tangu hapo kila mmoja wetu ana kitambaa chake cheupe ndani ya kikasha. Mwenye hali tofauti na yetu amuulize mwalimu wake.

Baada ya futari ndipo penye mtihani. Tende, kaimati na tambi hushika katika meno, na watu hula kidogo kidogo mpaka tarawehe. Sisi hula futari, tukasafisha meno na kuvivaa kabla ya kwenda msikitini. Baada ya daku husafisha tena kabla ya adhana ya alfajiri. Asiyefanya hivyo atakaa na tende chini ya plastiki zaidi ya saa 13.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, vifuniko hivi ni ghali, na mtoto hataweza kuvitunza kwa kukaripiwa. Mnunulieni mswaki wa pili na kikasha cha akiba. Jozi iliyopita isitupwe mpaka daktari aseme, huenda ikahitajika ikipotea ya sasa. Mtoto akiwa amefanya yote haya na harufu bado ipo, msimlaumu. Huenda ni jino lililotoboka, fizi zinazotoa damu, au mafindofindo, na hayo ni kazi ya daktari.

Nanyi wanafunzi wenzetu, mkimsikia mwenzenu ananuka kinywa, mvuteni kando mumwambie kwa upole, akiwa peke yake. Binamu yetu alichekwa na darasa zima, na hakupata hata mmoja wa kumwambia hivyo. Mwaka huu wazazi wake wamempeleka tena kwa daktari kuanza upya. Ijumaa asubuhi huja kwetu na kikasha chake, tukaviloweka pamoja katika bakuli tatu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika usafi wa vinywa vyetu na wa yanayotoka vinywani mwetu.

Wabillahi tawfiq.