Nilikujua wewe

Mama mdogo alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu Makere, simu ya muda huo huwa ni ya msiba au ya deni.

"Mwanangu, ile taa haiwaki tena."

Ilikuwa siku ya tisa tangu aipokee.

Ni taa ya sola, zile zenye betri ndani na sehemu ya kuchajia simu. Tuliiagiza kwa muuzaji wa Kariakoo anayetangaza Instagram. Mama mdogo hana Instagram. Aliuza madebe mawili ya maharage, akanitumia hela kwa simu, nikamlipia. Kilichomfanya aamini ni ujumbe wangu kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: "Jamani, chukueni hii. Mimi ninayo, iko vizuri sana." Nikaweka na picha.

Kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo kwa siku tatu.

Muuzaji tulimtafuta. Siku ya kwanza akajibu, ya pili akasoma akanyamaza, ya tatu akatufungia. Nikapanda gari kutoka Kasulu mjini kwenda kuomba radhi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumlaani yule mtu. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu: "Yule mimi simjui, mwanangu. Nilikujua wewe."

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazini siandiki jambo kabla sijalithibitisha. Sasa kwa nini taa niliisifia baada ya siku tatu?

Mwaka 2004, Thorsten Hennig-Thurau na wenzake watatu walichapisha utafiti kuhusu Wajerumani wanaoandika maoni ya bidhaa mtandaoni. Sababu kubwa walizozikuta ni hamu ya kuwa pamoja na wengine, faida ya kiuchumi, kuwajali wanunuzi wenzako, na kutaka kuonekana wa maana. Nilipoisoma orodha hiyo nikajiona humo mzima mzima.

Kuwajali, ndiyo. Nilijua mama mdogo anatembea kwenda kuchaji simu kwa kulipia. Kuonekana wa maana, ndiyo pia: kwenye ukoo mimi ndiye msomi, na msomi lazima ajue vitu vizuri vinapatikana wapi. Lakini iliyoniuma ni ile ya faida. Nilitaka kuagiza taa ya pili. Kutoka Dar mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ya boksi kwenye basi ni ileile, liwe na taa moja au tatu. Nilihitaji watu wawili wa kuchangia. Kumbe ule ujumbe wa upendo ulikuwa pia wa kutafuta wachangiaji wa nauli.

Hakuna aliyenilipa, kwa hiyo sikujiona kama dalali. Lakini dalali angalau unajua anataka chake, unamsikiliza huku umeshika mfuko. Mimi walinisikiliza mikono wazi.

Nilimrudishia hela yote. Akahesabu, akachukua nusu, nyingine akanisukumia. "Nusu ni ya haraka yangu," akasema. Nilijaribu kubishana, akanyanyuka kwenda kuangalia ugali. Hiyo nusu ninayo mpaka leo na sijui niifanyie nini.

Sijaacha kuwaambia watu. Kitu kizuri kikikaa kifuani peke yake hakinogi, na kwetu bila kuambizana usingejua hata pa kununulia. Mwezi uliopita nikaandika kwenye grupu kuhusu jiko la mkaa nililoagiza, linalotumia mkaa kidogo. Wa kwanza kujibu alikuwa mama mdogo.

"Umelitumia muda gani?"

"Miezi miwili, mama. Na nauli nalipa mwenyewe."

Akakaa kidogo, kisha akaandika: "Haya. Nikumbushe mvua zikikatika."