Kipofu Niliyemtengeneza Mwenyewe

Niliporudi kutoka mafunzo ya elimu maalumu, kitengo chetu huku ziwani, ukishateremka kutoka Mbinga, kilikuwa na watoto viziwi na mashine moja ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu, ambayo hakuna aliyeijua. Mimi sasa niliijua. Kilichokosekana ni mwanafunzi asiyeona, nami nilimtaka huyo mwanafunzi kuliko nilivyotaka kukiri.

Akaletwa mvulana mwenye ualbino. Mboni zake hazikutulia, na akisoma pua ilikaribia kugusa daftari. Nikamwandika asiyeona. Sikumpima, hata chati ya herufi sikwenda kuiazima zahanati. Bibi yake aliniambia kwamba jioni ufukweni mjukuu wake huchambua samaki wadogo wa usipa, akitoa vijiti na kokoto. Nikayachukulia kuwa ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu.

Nukta sita za Louis Braille, zilizochapishwa Ufaransa mwaka 1829, alizishika upesi kuliko mimi mafunzoni. Ila vidole vyake havikusoma. Aliinua karatasi, akaielekeza dirishani mpaka kila nundu ikatoa kivuli, akasoma kwa macho huku machozi yakimtoka kwa ukali wa mwanga. Niliona. Badala ya kujiuliza mtu anayeona kivuli cha nukta atashindwaje kuona herufi, nilileta kanga nikafunika karatasi pamoja na mikono yake. Wageni wakija, huyo ndiye niliyemtanguliza.

Kisha akahamia kwetu madamu mmoja aliyesomea elimu maalumu Patandi, Arusha. Alimtazama kidogo, akageuza kalenda ya zamani na kuandika mistari michache nyuma yake kwa kalamu nene. Mtoto akasoma yote, tena bila kusita.

“Mwalimu, huyu nani alimpima?”

Nikajidai natafuta chaki.

Mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, si upofu. Rangi ni pungufu hata ndani ya jicho, kwa hiyo mwanga humsumbua na vya mbali havimjii sawasawa. Anahitaji herufi kubwa nyeusi, kiti cha mbele kinacholipa dirisha mgongo, kofia ya kutokea nje. Baraza la Mitihani lenyewe huandaa karatasi za maandishi yaliyokuzwa, mbali na zile za nukta nundu. Yote hayo yalikuwamo kwenye daftari langu la mafunzo, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Sasa anasoma maandishi makubwa, lakini yuko nyuma ya wenzake, na hesabu ndiyo iliyoumia zaidi.

Bibi alikuwa akiniletea mbasa kunishukuru kwa kumfundisha mjukuu wake kusoma kwa vidole. Nilimwambia tumebadilisha njia. Kwamba nilikosea, sikumwambia. Wiki iliyofuata alileta mbasa mwingine, nikapokea.