Kuta za KwaMhlanga

Ndugu msomaji, yamkini nawe umepata kukaa mbele ya karatasi nyeupe, kalamu mkononi, usiwe na neno hata moja la kuandika. Ugonjwa huo ulinishika miaka michache baada ya kutoka chuo cha ualimu. Nalikuwa nikiwafundisha vijana kutunga insha, lakini mwenyewe sikuwa nimetunga kitu tangu nilipoanza kazi. Sikumwambia mtu. Fundi ambaye nyumba yake inavuja hapendi kutajiwa mvua.

Safari iliyoniponya, au tuseme iliyonisuta, ilinipeleka Afrika ya Kusini wakati wa likizo. Ndugu yangu afanyaye kazi Pretoria alinichukua siku moja hadi KwaMhlanga, katika jimbo la Mpumalanga, kwa Wandebele. Nyasi zilikuwa zimekauka, vumbi kushoto na kulia. Ghafula nikaona nyumba.

Nitakuelezaje nyumba ile? Ukuta ulikuwa mweupe pe, na juu yake pembetatu, miraba na ngazi za buluu, manjano, waridi na kijani, kila umbo limezungushiwa mstari mweusi mnene. Nyumba ile haikuona haya. Kila kitu kando yake kilikuwa kimekubali kuwa vumbi, yenyewe ilikataa.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee. Huko nyanya huitwa "gogo", neno ambalo kwetu lingezua ugomvi. Nikalitamka kwa hofu, naye akaitika kwa furaha. Alikuwa akichora kwa unyoya wa kuku, bila rula wala kamba, na mstari wake ulinyooka kuliko ile niipigayo ubaoni kwa rula. Nikamwuliza, ndugu yangu akifasiri, umbo fulani lilikuwa nini. Akajibu kuwa ni wembe. Wembe wa kunyolea! Na pembeni palikuwa na taa ya umeme, na juu yake ndege ya abiria.

Usidhani kuwa huo ni urembo mtupu. Mwaka 1883 Wandebele walishindwa vitani na Makaburu wa Transvaal, wakanyang'anywa ardhi, wakagawanywa kwa wenye mashamba kuwa vibarua. Watu waliotawanywa hivyo wangaliweza kusahau wao ni nani. Wanawake wakashika kuta, mama akimrithisha binti, kwanza kwa rangi za udongo na chokaa, baadaye kwa rangi za dukani. Esther Mahlangu, aliyezaliwa mwaka 1935, alianza akiwa na umri wa miaka 10, akifunzwa na mama yake na nyanya yake. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris, na mwaka 1991 akalipamba gari la BMW kwa michoro hiyo hiyo. Unyoya wa kuku umefika mbali.

Sasa nikueleze lililonisuta. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja darasani mwangu alikuwa na tabia ya kuchora pembeni mwa daftari la insha: baiskeli, sufuria, kuku wa jirani. Nalizichana kurasa zile mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa insha huandikwa juu ya mambo makubwa. Tangu siku ile aliniletea insha zisizo na kosa wala uhai. Mbele ya wembe ule nikamkumbuka, uso ukanipata moto. Mimi pia nalikuwa nikingoja mambo makubwa.

Usiku ule niliandika kurasa nne juu ya jiko la mama yangu: chungu cheusi, moshi, kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Si kazi bora. Mistari mingine naionea haya hata leo.

Niliporudi nalimwita yule kijana baada ya masomo, nikamwomba radhi. Alitazama chini, akasema, "Si kitu, Mwalimu." Nikampa daftari jipya, akalipokea kwa mikono miwili, na kwa majuma matatu sikuliona tena. Juma la nne nalilikuta juu ya meza yangu. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na picha yangu, nimeshika chaki, kichwa changu kikubwa kuliko ubao.