Kijapani Kilinirudisha kwa Nyanya

Kijapani si kigumu kutamka. Irabu zake ni tano kama zetu. Kibarua kipo katika kuandika: hiragana 46 za msingi, katakana 46, kisha kanji 2,136 za matumizi ya kawaida.

Mimi ni mzaliwa wa Galu, Kwale. Nilikwenda Osaka kukisoma kwa wiki sita, Julai na Agosti, kwetu pepo za kusi zikivuma na kule joto likituchoma. Asubuhi darasa, usiku kukariri. Hata kuhesabu kulinitoa jasho: kalamu zina neno lake la kuhesabia, “hon”, na karatasi lake, “mai”. Nikakumbuka ngeli zetu.

Siku moja mwalimu alimtaka kila mwanafunzi asimulie kisa kifupi kwa lugha ya mamake. Nilikwama. Kidigo changu huishia kwenye salamu. Nyanya hunisemesha Kidigo, nami humjibu kwa Kiswahili.

Niliporudi, nilikaa naye chini ya mkorosho na daftari lile lile la Osaka. Hunicheka kwanza, kisha hunisahihisha.

Je, wewe nyanya yako yu hai? Basi usingoje mpaka uvuke bahari.