Ngomeni, kutoka jela hadi ukumbi wa harusi

Babu yangu hakuwahi kulipa kiingilio cha Fort Jesus, ngome ya Mombasa. Kwake Ngomeni palikuwa jela, maana Waingereza waliigeuza kuwa gereza tangu 1895, na ujanani alikuwa akipeleka chakula kwa nduguye aliyefungwa mle. Kutoa pesa ili uingie jela, alisema, hayo ni mambo ya Wazungu.

Wafungwa walihamishwa 1958. Fedha za kuitengeneza ngome zilitoka kwa wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon, paundi 30,000, na 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa 1698, kisha baada ya karne mbili u nusu na ushei pesa za Lisbon zikarudi kupiga chokaa. Sijui kama kuna aliyecheka wakati ule.

Mimi niliijua katika miaka ya themanini, tukiletwa na shule kwa foleni, mwalimu akituhesabu langoni. Nakumbuka mifupa ya nyangumi, na chumba chenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, jahazi la kivita la Wareno lililozama mbele ya ngome 1697. Wapiga mbizi walikuwa wamemaliza kazi 1980, kwa hivyo kwetu zilikuwa kama habari za juzi. Lakini hata mtoto aliona kwamba sisi hatukuwa wateja. Wateja walishuka kwenye mabasi ya hoteli za Nyali na Diani, na vijana wa kutembeza wageni wakawalaki kwa Kijerumani na Kitaliano cha barabarani. Serikali ililipa mishahara, mtalii akaleta za juu. Mwenyeji wa Kibokoni, mtaa wa jirani, aliingia siku ya safari ya shule, na pengine asirudi tena maishani.

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri maadamu ndege zinatua. Agosti 1997 vita vya kikabila vya Likoni vikazuka na hoteli zikakauka. Zikaja ghasia za baada ya uchaguzi mapema 2008. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake wasije kisiwani Mombasa ila kwa dharura, na kampuni za utalii zikawarudisha watu kwao kwa ndege kabla likizo haijaisha. Machi 2020 korona ikafunga milango kabisa. Kila mara uchumi wa mji uliumia, na kila mara, polepole, ngome ilizidi kugeuza uso kuelekea kwetu.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema, hata kama si la kupendeza: haikuwa hekima ya wasomi iliyomfungulia mlango mtu wa Mombasa, ilikuwa njaa. Bei zikapangwa kwa matabaka, mwananchi chini, wa Afrika Mashariki juu kidogo, mgeni wa mbali juu zaidi. Usiku taa zikawashwa kutani, kukawa na maonyesho ya sauti na mwanga. Uwanja wa ndani ukakodishwa kwa dhifa, mikutano na harusi.

Nilialikwa kwenye mojawapo ya harusi hizo. Wapambaji walikuwa wamekatazwa kupigilia hata msumari mmoja kwenye kuta za matumbawe, basi vitambaa vyote vilining'inia kwenye vyuma vya kusimamisha, na kila upepo wa bahari ukivuma watu wawili walikimbia kuvishika. Pilau ililiwa hatua chache kutoka kwenye mizinga. Shangazi aliketi, akarekebisha buibui, akaniambia, "Mwanangu, leo tumekuja jela kwa hiari." Wako wanaosema ni kuidhalilisha turathi. Mimi sioni hivyo. Ngome imewahi kutumiwa kwa mabaya zaidi ya biriani na taarabu.

Kinachonikera ni kidogo zaidi. Tangu serikali ilipoagiza 2023 kwamba malipo yote ya huduma zake yapitie jukwaa lake la mtandaoni, eCitizen, noti si kitu tena langoni. Nimemwona mzee mwenye kofia ya vito amesimama na pesa mkononi, akimsihi mwanafunzi amlipie kwa simu.

Na hata hivyo, ukijumlisha tiketi na harusi zote, hazitoshi. Ngome imekalia mwamba wa matumbawe ambao mawimbi yalikuwa yakiumega kwa miaka, na UNESCO ilikuwa imekwisha kuitia katika orodha ya urithi wa dunia 2011. Ukuta wa kuzuia bahari uliojengwa baadaye ulimeza mamia ya mamilioni ya shilingi, pesa za umma. Watu wa Mji wa Kale waliulalamikia sana, wengine wakisema umeharibu sura ya pwani. Kwa sura, nakubaliana nao. Kwa hesabu, sijasikia aliyetaja bwana harusi wa kuulipia.